Uliza Mzamiaji: Natetemeka, nifanyeje?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinauliza kitu kimoja, baridi. Nilidhani ni watu wa Ulaya tu ndo wataandika, kumbe barua ya kwanza kabisa imetoka Nungwi na ndo nimeiweka juu makusudi. Kwa wasionijua, mimi nimezaliwa Tanga, kuzamia nimejifunzia Unguja, na sasa huu mwaka wa 11 niko Scotland ambako bahari mwezi wa tatu inashuka mpaka nyuzi 6 au 7, kwa hiyo haya mengi nimeyapitia kwenye mwili wangu mwenyewe.

Dada shikamoo. Mimi ni daivu masta hapa Nungwi, yaani naongoza wageni wanaozamia, nna miaka 26. Kusi ikishaingia, mwezi wa saba na wa nane, napeleka wageni Mnemba, daivu mbili asubuhi na siku nyingine mbili tena mchana, kompyuta ya kuzamia ya mkononi inasoma nyuzi 25. Wageni wa Kijerumani wanasema maji ya moto kama ya kuoga, mimi natetemeka mpaka meno yanagongana na wenzangu kwenye boti wananicheka wananiita babu. Nna ugonjwa au mwili wangu mlegevu tu? Anayetetemeka, Nungwi.

Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza sioni ugonjwa hapo wala ulegevu, naona hesabu. Mwili wako una nyuzi 37, maji yana 25, na maji yanabeba joto kutoka mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Sasa mgeni wako kaingia mara moja au mbili, kanywa chai hotelini, kavaa suti mpya, katoka kajifunga taulo na kesho anaenda Mji Mkongwe kutembea. Wewe unakaa majini karibu saa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, na tena kazi yako ni kuelea palepale unasubiri mtu apige picha ya kasa, hupigi miguu, kwa hiyo mwili hautengenezi joto. Ukitoka daivu ya kwanza ngozi inakauka, jua linawaka, unajiona umeshapata joto, lakini ndani kabisa mwili haujarudi ulipokuwa, na lile pengo unaingia nalo daivu ya pili, unaongeza lingine unaingia nalo ya tatu. Ndo maana ya nne inakumaliza.

Nikuulize, hiyo suti unayovaa ina miaka mingapi? Maana nakumbuka enzi zangu huko daivu masta ndo alikuwa anavaa suti iliyokataliwa na wageni. Wetisuti inakukinga kwa vile vipovu vidogo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira wa neoprini, hiyo ndo blanketi yenyewe, na suti ikishapiga mamia ya daivu vipovu vinasinyaa na kupasuka. Ibonyeze kwa vidole, kama imekuwa nyembamba na ngumu kama ndala iliyozeeka basi unavaa rangi tu. Halafu hata ikiwa mpya, ukiwa mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, kwa hiyo vile vipovu vinabanwa mpaka theluthi na suti ya milimita 3 kule chini siyo milimita 3 tena. Kama unaweza pata ya milimita 5 inayokubana vizuri, hasa kiunoni na shingoni, maana maji yakiwa yanaingia na kutoka kila unapogeuka ni kama kulala na dirisha wazi.

Na vaa kofia ya neoprini hata kama watacheka. Ile habari kwamba nusu ya joto linatokea kichwani siyo kweli, kichwa ni kama sehemu moja kati ya kumi ya ngozi yote, ila mishipa ya kichwani haijifungi kwenye baridi kama ya mikono inavyojifunga, kwa hiyo kama umefunika kila kitu ukaacha kichwa, hapo ndo joto linapotoka bila kizuizi.

Lakini ushauri wangu mkubwa kwako ni wa juu ya boti. Usikae na suti mbichi kwenye upepo wa kusi, yale maji yanapokauka kila tone linaondoka na joto lako. Vua yote, jifute, vaa sweta na juu yake koti la mvua, hata lile la bodaboda linafaa kabisa kwa sababu linazuia upepo. Kula kitu, chapati, ndizi, kashata, na chai ya tangawizi, maana mwili bila chakula hauna kuni. Na muombe bosi mpangiane zamu ili usipige nne mfululizo, hili ni suala la usalama, wewe una watu wanne nyuma yako na mtu aliyepoa anachelewa kuona na anachelewa kuamua. Waambie na hao wanaocheka.

Assalam alaykum dada. Nasomea unesi Glasgow, nimemaliza kozi ya mwanzo kwenye bwawa na sasa klabu wanasema baharini Loch Long bila draisuti, ile suti isiyoingiza maji, siendi. Bei zimenitisha. Ninunue ipi, na ni kweli ukivaa hiyo husikii baridi kabisa? Halafu kichwani nna rasta na nje navaa hijabu, sijui vitaingiaje humo na naona aibu kuwauliza watu wa klabu. Mwanafunzi, Glasgow.

Waalaykum salaam mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza, hakuna aibu hapo.

Nianze na swali la kati maana ndo linaponza watu. Draisuti yenyewe haipashi joto. Ile ya membreni ni kama koti la mvua lenye zipu isiyopitisha maji na sili, ile mipira inayobana shingoni na mikononi, kazi yake ni kukuacha mkavu, basi. Joto linatoka kwako na linashikwa na hewa iliyonasa kwenye nguo ulizovaa ndani. Nimeona mtu amenunua suti ya bei mbaya kabisa akavaa ndani trakisuti na fulana ya pamba, dakika 20 yuko juu midomo imebadilika rangi. Pamba iache nyumbani, inanyonya jasho inalala nayo kwenye ngozi. Anza na nguo nyembamba ya kubana ya sufu ya merino ambayo hata ikilowa kidogo bado inashika joto, juu yake ovaroli nene ya fliisi au Thinsulate, soksi za sufu pea moja nene isiyobana, siyo pea tatu zinazokaba mguu mpaka damu haipiti.

Kuhusu aina, kuna ya neoprini ambayo ina joto lake kidogo na inavutika, lakini ni nzito, inachelewa kukauka, na ukishuka inasinyaa kama nilivyomwambia ndugu yetu wa Nungwi. Kwa mwanafunzi mimi nakwambia tafuta ya membreni iliyotumika, kwa sababu hiyo hiyo moja unaivaa Februari na nguo nene na Agosti na nguo nyepesi. Ukienda kuiona angalia zipu kwanza, zipu ikiwa imechoka kuibadilisha ni gharama ambayo itakufanya ujute, sili zinabadilishika kirahisi zaidi. Vaa, chuchumaa, kumbatia mabega yako mwenyewe, nyoosha mkono nyuma kama unashika valvu ya mtungi, usipofika hiyo siyo yako hata kama rangi umeipenda. Pesa utakayookoa kwenye suti iweke kwenye nguo ya ndani, hapo usibane matumizi.

Sasa nywele, na hili vitabu vya huku havikwambii. Rasta nene chini ya kofia zinaacha njia, maji ya nyuzi 6 yanateleza kati ya suka na suka mpaka kwenye ngozi ya kichwa na maumivu yake ni kama unapigwa misumari. Msimu wa kuzamia suka twende kilioni zinazolala bapa, ncha zake zikusanye juu, zisishuke shingoni hata moja, maana suka moja tu ikipita chini ya sili ya shingo suti itajaa maji pole pole na hutajua inatokea wapi. Na sisi tunapaka mafuta kichwani, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, yote hayo ni adui wa sili za mpira wa latexi, zinalegea na kunata halafu zinachanika siku usiyotaka. Siku ya daivu usipake, na kuingiza shingo tumia poda isiyo na manukato au maji ya sabuni kidogo.

Hijabu haitakusumbua kama unavyofikiri. Kofia ya neoprini inafunika nywele na shingo, suti inafunika mengine yote na ni pana. Kama unataka kitambaa chini ya kofia chagua kile chembamba cha kuogelea na kiishie juu ya sili, kisipite chini yake. Kofia na suti vaa chumbani au ndani ya gari kabla hamjakusanyika, akina dada wengi tunafanya hivyo na hakuna anayeshangaa.

La mwisho kwako, na hili nakuomba usiliruke, ni kozi ya draisuti yenyewe. Ukishuka suti inakubana, unaongeza hewa kidogo kidogo, na hiyo hewa ndo inanyanyua manyoya ya nguo yako ya ndani, wengine wanaibania wakidhani wanafanya vizuri kumbe wameibana blanketi yao na wanaganda bure. Ukipanda hewa inatanuka na usipoitoa kwa valvu ya bega la kushoto itakurusha juu kama boya, na ikikimbilia miguuni utageuka kichwa chini miguu juu. Haya yanafundishika kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu kwa siku moja au mbili, jifunze huko kwanza ndo uende Loch Long.

Dada mambo. Mimi nazamia Oslofjord mpaka majira ya baridi. Mwili ndani ya draisuti uko sawa ila vidole! Dakika 15 tu sivisikii tena. Nimenunua glavu za milimita 7 na bado. Vidole, Oslo.

Mwili ukiona unapoteza joto unafunga mishipa ya mikono na miguu ili moyo, mapafu na ubongo vipate, kwa hiyo vidole ndo vinatolewa sadaka mwanzo. Maana yake unaposema mwili uko sawa, mimi naona mikono yako inakwambia kifua hakiko sawa. Ongeza vesti nene kifuani kabla hujanunua glavu nyingine. Kisha angalia kifundo cha mkono, pale mishipa iko karibu kabisa na ngozi, sili ikikaba sana damu haifiki na glavu ya milimita 7 ikiwa inabana ni hivyo hivyo, afadhali ya 5 inayokaa vizuri.

Kwa Oslo wengi wanahamia glavu kavu, zile zinazofungwa kwenye suti kwa ringi zisiingize maji, ndani unavaa za sufu. Pitisha kamba nyembamba au kibomba chini ya sili ya mkono ili hewa ya suti ifike kwenye glavu, usipofanya hivyo chini inakunyonya na kukubana na joto hakuna. Ila kumbuka na upande wa pili, njia hiyo ikiwa wazi glavu ikitoboka kwenye mwamba maji yanaingia mpaka kwenye suti. Kama unabaki na glavu za kulowa beba themosi ya maji ya moto, siyo ya kuchemka, jaza kwenye glavu sekunde za mwisho kabla hujaingia. Na usianze na mikono ya baridi, kaa nayo kwenye hita ya gari, funga vifaa ukiwa umevaa glavu za kawaida. Mikono iliyoanza baridi haipati joto chini.

Naomba nikusimulie kitu. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikodi wetisuti ya milimita 7, walinipa saizi kubwa kuliko yangu na mimi sikubisha, tukaingia Loch Long mwezi wa tatu, maji nyuzi 6. Kila nikigeuka nasikia maji yanatembea uti wa mgongo. Dakika za mwanzo vidole viliuma sana, halafu kama dakika ya 20 maumivu yakaisha na mimi nikafurahi, nikajiambia nimezoea. Mwenzangu akaniuliza kwa ishara nimebakiwa na hewa kiasi gani, nikamwonyesha namba, akauliza tena nikamwonyesha namba nyingine tofauti. Nikataka kubonyeza kitufe cha jaketi ya kuelea, gumba halikubonyeza, nalitazama kama la mtu mwingine. Na njia ya kurudia tuliyokubaliana nilikuwa nimeisahau kabisa. Yule bwana akanishika mkono akanipandisha taratibu mpaka juu, akanifungua zipu mwenyewe kwa sababu mimi sikuweza, na nilitetemeka kwenye gari karibu saa nzima. Kilichonitisha baadaye siyo baridi yenyewe, ni kwamba kule chini sikuwa na wasiwasi wowote.

Kwa hiyo nnachofanya sasa kila dakika tano ni kugusanisha gumba na kidole cha mwisho, mikono yote miwili. Nikishindwa, au nikisita tu, naonyesha ishara ya kupanda na daivu imeisha, hata kama mtungi una hewa nusu. Mfundishe na mwenzako. Na kama vidole vyako vinageuka vyeupe kisha vya bluu hata nchi kavu, ukishika soda ya friji kwa mfano, nenda kwa daktari kabla ya msimu, kuna watu mishipa yao ndo ilivyo na hao glavu peke yake haiwatoshi.

Kaka mmoja hapa Bergen kila kabla ya daivu anakunywa kidogo cha kuchoma, anasema inapasha damu. Ni kweli? Mdadisi, Bergen.

Si kweli na ni hatari. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia joto, na joto hilo ndo linaondoka. Juu ya hapo anaenda chini ya maji na akili iliyopungua. Usizamie naye.

Dada, nimealikwa na rafiki kwenda Iceland mwezi wa pili kuzamia Silfra. Nimeskia regyuleta, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, inaweza kuganda ukiwa chini. Inakuwaje wakati maji yenyewe hayajaganda? Msafiri, Malmö.

Silfra ni ule ufa kati ya bamba la dunia la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, pale Þingvellir, maji yake ni ya barafu ya mlima iliyoyeyuka na kuchujwa kwenye miamba ya volkano kwa miaka mingi mingi, unaona mpaka zaidi ya mita 100 mbele yako na joto ni nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, kiangazi na baridi. Pazuri sana na ukiweza nenda. Wanataka uwe na cheti cha draisuti au uzoefu wa kutosha wa kuivaa, na hapo sipingani nao.

Kuhusu kuganda, hewa kwenye mtungi iko kwenye mgandamizo wa kama bar 200, regyuleta inaishusha ghafla, na hewa ikitanuka ghafla inapoa sana. Umeshawahi kuona mtungi wa gesi ya jikoni unavyofanya ukungu na kupoa ukitumika kwa nguvu? Chanzo chake ni tofauti kidogo, ila ubaridi ni wa namna hiyo. Kwa hiyo maji ni nyuzi 2 lakini chuma cha regyuleta kinashuka chini ya sifuri, maji yaliyokigusa yanakuwa barafu, kidude cha ndani kinakwama wazi na hewa inamwagika bila kusimama.

Tumia iliyotengenezwa kwa maji ya baridi, kwa viwango vya Ulaya maana yake ni chini ya nyuzi 10, na iwe imefanyiwa sevisi. Usiipumulie ukiwa juu kwenye upepo wa baridi, pumzi yako ina unyevu na ndo unaoganda, iweke mdomoni ukiwa tayari kuingia. Usibonyeze kitufe cha kutoa hewa kuijaribu. Na chini usifanye mambo matatu kwa pamoja, kujaza suti, kujaza jaketi na kuvuta pumzi ndefu, jaza kidogo, acha, pumua, jaza kidogo. Ikimwagika hata hivyo, usiiteme kwa hofu, unaweza kuvuta hewa pembeni ya mdomo huku inamwagika, mpe ishara mwenzako, hamia kwenye regyuleta ya akiba na mpande taratibu. Fanyeni mazoezi ya hili kabla ya safari, bwawani, mpaka mikono iwe inajua yenyewe.

Dada yangu, kijana wangu ana miaka 19, yuko Leicester na anaumwa selimundu. Amepata marafiki wanaozamia Stoney Cove na ananiambia akivaa draisuti nzuri baridi haitamfikia. Mimi moyo haunipi. Nimkataze? Mama, Leicester.

Mama, moyo wako uko sahihi na naomba barua hii umsomee.

Stoney Cove ni machimbo ya zamani yaliyojaa maji, majira ya baridi chini kule yanafika nyuzi 5 hivi, na baridi ni mojawapo ya vitu vinavyowasha maumivu makali ya selimundu, wewe mama umeshayaona kuliko mimi. Draisuti nzuri haiondoi baridi, inaichelewesha, na mikono na uso vinabaki vinapoa. Lakini baridi siyo peke yake. Kuna kuchoka, kuna kupungukiwa maji mwilini kwa sababu ukiwa majini kwenye baridi figo zinatoa mkojo mwingi, na kuna hatari ya kukosa oksijeni ikitokea tatizo lolote, na vyote hivyo ndo vinafanya chembe za damu zijikunje. Kwa mwenye selimundu yenyewe, yaani SS, madaktari wa uzamiaji kwa kawaida hawamruhusu kuzamia na mtungi. Mwenye AS, anayebeba tu, habari yake ni tofauti na wengi wanaruhusiwa, ila naye aseme ukweli kwenye fomu ya afya na aonane na daktari kwanza. Fomu hiyo ndo jambo nnaloliogopa zaidi kwa vijana, wanatiki hapana kila mahali ili wasikose safari.

Usimkataze kwa ukali akaenda kwa siri. Nenda naye kwa daktari wake wa damu, swali aulize yeye mwenyewe. Na akitaka maji, kuna mabwawa ya moto ya ndani anayoweza kuuliza kama anaruhusiwa kuogelea na marafiki hao hao. Nampa pole kwa dhati, najua anachokitamani.

Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 61, niko Toronto, nazamia toka nikiwa Mombasa lakini kwa miaka sita sijaingia majini. Kijana wangu amenialika Tobermory, kwenye Ziwa Huron, na ananinunulia vesti ya kupasha joto ya betri. Natumia dawa za presha. Vesti hiyo ni salama? Mzee wa Toronto.

Shikamoo mzee wangu. Furaha iliyoje kuzamia na mwanao.

Vesti ni kitu kizuri, ila ivae juu ya nguo ya kwanza, isiguse ngozi, na usiiwashe moto wa juu toka mwanzo. Iweke chini au iache imezimwa ukiwa kwenye kina, ipandishe wakati wa kupanda na wa kusimama njiani kabla hujafika juu. Sababu yake ni hii, jeshi la majini la Marekani lilitoa utafiti mwaka 2007 ulioonyesha mzamiaji aliyekuwa na joto chini halafu akapoa wakati wa kupanda ndo anapata zaidi ule ugonjwa wa mapovu kwenye damu, na aliyekuwa na baridi chini akapata joto wakati wa kupanda anapata kidogo. Sasa vesti ikikuzimikia dakika ya 30 imekuweka kwenye upande mbaya kabisa. Kwa hiyo vaa nguo za ndani za kutosha kana kwamba vesti haipo.

Ila swali lako kubwa ni presha, mzee. Ukiingia kwenye maji ya baridi mishipa ya ngozi na miguu inajifunga na damu inasukumwa kifuani, moyo unazidiwa, na kwa watu wengine, hasa wenye umri na presha, maji ya damu yanaanza kuvuja kwenye mapafu wakiwa bado majini. Dalili ni kukosa pumzi bila sababu, kikohozi, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, na mtu hudhani ni regyuleta mbaya au uoga. Ukiona hata dalili moja, daivu imeisha, toka majini, oksijeni, hospitali. Mwambie kijana wako haya waziwazi ili ajue nini cha kutazama. Na kabla ya yote daktari akupime na ajue kwamba unakwenda kwenye maji ya baridi, siyo ya Mombasa, na umuulize dawa unazotumia zinaendanaje na kuzamia.

Akikuruhusu, anzeni na bwawa mzoee draisuti upya, miaka sita ni mingi. Tobermory usianze na meli zilizozama kwenye kina kirefu, maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, yanazama na kukaa huko, kwa hiyo hata juu kukiwa na jua la Agosti chini kabisa unakuta nyuzi hizo hizo 4. Anza na Sweepstakes, ile jahazi la milingoti lililojengwa mwaka 1867 na kuzama mwaka 1885, liko mita kama 6 tu ndani ya bandari ya Big Tub, mnalizunguka taratibu, dakika 25 zinatosha. Mkitoka akuvue suti yeye, wewe usibebe mtungi wala mkanda wa vyuma vya uzito, kaa kwenye gari na uji wa moto, na kuoga maji ya moto sana subiri kwanza mpaka mwili utulie. Na uniandikie daktari amesema nini.